Samaki wa Nane

Ijumaa jioni Mama Mvuke alichemsha maji ya samaki. Hakuyachemsha kwa kukisia. Yalipoanza kutokota alitazama saa ya ukutani, akahesabu dakika ishirini, akazima jiko, akafunika sufuria kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Jumamosi asubuhi alimchota samaki kwa bakuli, akamhamishia kwenye ndoo, kisha akaanza kazi. Changarawe ziliingia kwenye maji ya klorini. Sponji ya pampu, ile inayochuja uchafu, aliikamua chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Kuta za kioo alizisugua, akazisuuza mara tatu, akazikausha, akazigeuzia dirishani kuona kama limebaki doa. Mwisho akamimina yale maji yaliyochemshwa, akamrudisha samaki, akafungua daftari na kuandika saa.

"Humo sasa hata mimi naweza kupasuliwa," alisema mumewe bila kuinua macho kwenye cherehani.

Mumewe alikuwa fundi wa kushona na kazi yake aliifanyia palepale sebuleni, kwa hiyo hakuna kilichompita.

"Wewe shona."

"Nashona. Namwambia tu Mgonjwa pole."

Mgonjwa ndilo jina alilompa samaki huyo. Alikuwa wa nane. Saba waliomtangulia hawakukaa muda wa kutosha kupewa majina.

Jina la Mama Mvuke mwenyewe lilitoka hospitalini. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika chumba kisicho na dirisha, nyuma ya vyumba vya upasuaji, ambako mikasi, koleo na visu viliingia vikiwa na damu na kutoka bila kijidudu hata kimoja kilicho hai. Aliviosha, akavipanga kwenye trei, akavifunga kwa kitambaa, akabandika juu yake utepe wenye mistari hafifu, akavisukuma ndani ya mashine ya mvuke. Mvuke ukishapita sawasawa, mistari ile hugeuka myeusi. Isipogeuka, trei ilirudi mwanzo, hata kama daktari amesimama mlangoni na glavu zake. Madaktari wapya walimnunia. Wa zamani walishajifunza kusubiri.

Kisha hospitali ikaanza kuletewa vifaa vilivyofungwa tayari kutoka nje, chumba kikafungwa, naye akastaafu miaka mitatu kabla ya wakati. Siku ya kumuaga, daktari mkuu wa upasuaji alisimama akasema kwamba kwa miaka yote ile hakikuoza kidonda hata kimoja kwa sababu ya trei ya mama huyu. Watu wakapiga makofi. Halafu muuguzi mkuu akaleta zawadi iliyofunikwa shuka la wodini: tangi la kioo la lita ishirini, pampu ndogo, kopo la chakula, na mfuko wa plastiki wenye samaki wa dhahabu wanne.

"Usije ukakaa nyumbani bila kitu cha kuangalia," alimwambia.

Wote wanne walikufa katika wiki mbili. Mama Mvuke alinunua wawili. Wakafa. Akanunua wawili tena. Mmoja akafa siku ya tatu, akabaki Mgonjwa. Mtu mwingine samaki akimfia hutupa samaki, akaosha mikono, akaendelea na shughuli zake. Kwa Mama Mvuke kila mmoja alikuwa trei iliyorudishwa. Usiku alilala akiyapitia tena mambo aliyoyafanya, hatua kwa hatua, na kila mara alifika mwisho bila kuona kosa. Hilo ndilo lililomkera kuliko vifo vyenyewe. Kosa likionekana unalirekebisha. Yeye alichokiona kilikuwa kazi safi, na juu ya kazi safi, samaki chali.

Ndipo akajiapiza kwamba huyu wa nane hafi. Alimpunguzia chakula, akaongeza klorini ya kuoshea changarawe, akaongeza dakika za kuchemsha maji kutoka kumi hadi ishirini. Mumewe alikatazwa kumkaribia na chaki zake za kuchoria nguo. Wateja waliokuja kupimwa suruali walisimamishwa upande wa pili wa chumba.

"Mke wangu," mumewe alisema siku moja, baada ya mteja kupimwa akiwa amebanwa kati ya kabati na mlango, "huyu samaki akipona, mimi nitakuwa sina kazi."

"Akipona tutaongea."

Jumatatu alfajiri alimkuta Mgonjwa juu kabisa ya maji, mdomo nje, akifungua na kufunga kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Mapezi yalikuwa yamenata mwilini. Pembeni pa mashavu palikuwa pekundu. Mama Mvuke aliijua hali ile. Alishaiona mara saba. Hasira ilimpanda, maana maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba bila ule mdomo usingejua kama kuna maji.

Alichota maji kidogo, akayatia kwenye chupa aliyoichemsha, akaibandika karatasi yenye tarehe na saa, akatia daftari kwapani, akaondoka bila kunywa chai.

Duka la samaki lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vipuri vya baiskeli. Ukiingia ulipokewa na mlio wa pampu na harufu ya udongo uliolowa. Matangi yalipangwa kutoka sakafuni hadi darini, na mengi, Mama Mvuke alivyoyaona tangu siku ya kwanza, yalikuwa aibu tupu: kijani kwenye pembe za vioo, majani yaliyooza nusu, sponji nyeusi tii. Na ndani ya aibu hiyo samaki walikuwa wananenepa. Kila alipoingia humo alihisi kama anatukanwa.

Mwenye duka alikuwa mwanamume mwembamba, mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo.

"Mama, karibu. Kafa tena?"

"Hajafa. Anahema juu ya maji. Nataka dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya ugonjwa uliomo kwenye samaki unaoniuzia. Maji yangu ni haya, yapime. Na kazi yangu ni hii, isome."

Aliiweka chupa mezani, na daftari juu yake, kwa namna ambayo mwenye duka hakupata nafasi ya kukataa. Alisoma polepole, akilowesha kidole kila anapofungua ukurasa. Mama Mvuke alimtazama akisoma na kusubiri kusifiwa. Hakuna mteja wake mwingine, alikuwa na hakika, aliyeandika hadi dakika.

"Mwandiko mzuri," mtu yule alisema mwishowe. Akaligeuza daftari limwelekee Mama Mvuke. "Hebu nisomee hizi siku. Siku tu, acha mengine."

"Kwa nini?"

"Nisomee, mama."

Alisoma kwa kumridhisha. Jumamosi, kuosha. Jumatatu, wawili wamekufa. Jumamosi, kuosha. Jumanne, wawili wamekufa. Jumamosi, kuosha. Jumatatu, mmoja. Jumanne, mmoja. Sauti ilianza kumpungua. Alifika kwenye Jumamosi moja aliyokuwa amekwenda kumuuguza dada yake, asioshe kitu, akaandika kwa kalamu nyekundu: *Haikufanyika*. Chini yake, wiki nzima, hapakuwa na aliyekufa.

Alifunga daftari.

"Nilikuuliza kama unabadilisha maji," mwenye duka alisema. "Ukaniambia kila wiki. Sikukuuliza unabadilisha kiasi gani. Hilo kosa ni langu."

"Uchafu hauachwi."

"Sawa. Ngoja nikuonyeshe."

Alitoa vijichupa viwili vya kioo, vyembamba kama kidole. Kimoja akatia maji ya Mama Mvuke. Cha pili akachota kutoka kwenye tangi lake baya kuliko yote, lile la chini, ambamo kwa uchafu mkia wa samaki ulionekana kwanza na samaki baadaye. Akadondosha matone ya dawa humo na humu, akatikisa, akaviegemeza kwenye karatasi nyeupe.

"Ikibaki njano, maji ni mazuri. Ikienda kijani, ni sumu."

Mtu mwingine angebishana na maneno. Mama Mvuke alikuwa ameishi miaka ishirini na sita kwa rangi ya utepe, na hakuna daktari aliyewahi kumshawishi dhidi ya rangi. Alisimama akiangalia. Kijichupa cha tangi chafu kilibaki njano. Cha kwake kilianza kubadilika chini, kikapanda taratibu, kikawa kijani cha majani ya mgomba.

"Ni mkojo wa samaki na mavi yake mwenyewe," mwenye duka alieleza. "Huyaoni, lakini yamo. Kuna vijidudu wanaoila hiyo sumu na kuimaliza. Wanakaa kwenye sponji, kwenye changarawe, kwenye kioo. Kuwapata inachukua wiki nyingi. Wewe wakianza tu kutulia, Jumamosi imefika."

"Kuua vijidudu ndiyo kazi yangu."

"Naona, mama. Unaijua sana."

Hakusema kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Aliendelea kusema, kwamba hata maji yaliyochemshwa na kufunikwa hayana hewa ya kutosha, ndiyo maana samaki anaitafuta juu. Kwamba klorini ikibaki kidogo tu kwenye changarawe inaunguza mashavu yake. Mama Mvuke aliyasikia hayo akiwa tayari anakusanya vitu vyake. Alitoka nje. Alisimama mbele ya duka la vipuri, akaangalia mnyororo wa baiskeli uliotundikwa mlangoni, unaotiririka grisi, na kwa mazoea akawaza angeusafisha kwa nini. Halafu akawaza wale saba. Aliwaza mdomo ukifunguka na kufungika kule nyumbani, na saa inavyokwenda.

Akarudi ndani.

"Nipe huo uchafu," alisema.

Mwenye duka alikata kipande cha sponji nyeusi kutoka kwenye tangi la chini, akakitia kwenye mfuko pamoja na maji yake, akaufunga kwa mpira. Akampa na kichupa cha kuondolea klorini kwenye maji ya bomba, na zile dawa za matone. "Badilisha robo leo na robo kesho. Maji ya bomba, usichemshe. Sponji ibane mbele ya pampu yako. Na, mama, nakuomba. Usiioshe."

Alirudi kwa miguu, mfuko ameushika kama alivyokuwa akibeba trei zilizotoka kwa wagonjwa: mkono umenyooka, mbali na nguo. Ulinuka kama mifereji mvua zikiisha. Wapita njia wawili walimpisha.

"Kimekufa nini humo?" mumewe aliuliza alipofungua mlango.

"Hakijafa. Ndiyo shida yenyewe."

Aliibana sponji mbele ya pampu kwa vidole viwili. Wingu la kahawia lililipuka na kuenea ndani ya yale maji aliyoyapigania kutwa nzima ya Jumamosi, likatua juu ya changarawe moja moja. Aligeuka asilione. Mumewe alisimamisha cherehani, akaja, akatazama, akaenda kufungua dirisha.

Mgonjwa hakufa Jumatatu ile, wala Jumanne. Jumatano alishuka chini. Alhamisi alimeza chakula akakitema, akakimeza tena.

Jumamosi ilipofika, Mama Mvuke aliamka kabla ya chai na mikono yake ikiwa inatafuta kazi. Alitakiwa kuteka robo tu ya maji, kuisuuza sponji yake mwenyewe ndani ya hayo hayo maji aliyoyateka, isiguse bomba, na kuiacha ile nyeusi kama ilivyo. Ilimchukua dakika kumi. Baadaye alisafisha jiko. Akasafisha madirisha, bawaba za milango, mguu wa meza uliokuwa na gundi ya zamani. Mchana mumewe alitafuta mkasi wake wa kukatia vitambaa, asiuone, mpaka aliposikia kitu kinagonga sufuriani.

"Mama Mvuke. Umeuchemsha mkasi wangu?"

"Ulikuwa na mafuta."

"Mafuta nimeyatia mimi. Kwenye ungio. Ili ufunguke."

"Dakika ishirini tu."

"Basi nitashukuru kwamba mimi siingii sufuriani." Aliutoa kwa koleo, akaufuta, akajaribu kuufungua, ulilia kama mlango wa ghala. "Sikiliza. Mhangaikie yule samaki utakavyo. Lakini mkasi wangu uache uwe mchafu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Hata wewe unataka uchafu," alisema, akaketi juu ya kigoda, na mumewe akaona machozi yamemlenga. Alivuta kiti cha cherehani, akakaa karibu yake. Walitazama tangi. Kioo kilikuwa kimeanza kufanya utando mwembamba kwenye pembe.

"Miaka yote ile," Mama Mvuke alisema, "nikiona kitu kama hicho, mtu alikuwa anaweza kufa."

"Najua."

"Sasa nikikifuta, anakufa."

"Pembe moja nimeiona ina jani," mumewe alisema. "Unaona? Pale. Limeota lenyewe." Halikuwa jani, ulikuwa ukungu wa kijani, lakini hakumsahihisha.

Wiki zilizofuata alipima maji kila asubuhi na kuandika rangi. Kijani. Kijani. Kijani hafifu. Siku nne kijani hafifu, naye akiwa amejikaza kisabuni asiguse kitu. Mara mbili aliinuka na kitambaa mkononi na mara mbili mumewe alikohoa. Wiki ya sita, Jumanne, kijichupa kilibaki njano. Alisubiri dakika tano zaidi ya zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, akakiegemeza kwenye karatasi nyeupe, akamwita mumewe, akamwita na mteja aliyekuwa na pini suruali nzima. Wote walikubali kwamba ni njano.

Alikwenda dukani siku hiyohiyo, na daftari, na chupa ambayo safari hii hakuichemsha.

Mwenye duka alipima. Alitabasamu. Kisha akauliza, "Na sasa ana ukubwa gani?"

"Kidole changu cha kati. Amenenepa. Mkia haujashikana tena."

"Hongera, mama. Sasa inabidi umtoe."

Alidhani hakusikia vizuri.

"Samaki wa dhahabu hakai udogo huo," mwenye duka alisema. "Anafika urefu wa kiganja na zaidi, na akitunzwa anaishi miaka kumi na kitu. Anakula sana na anachafua sana. Ndani ya lita ishirini hao vijidudu wako watazidiwa, hata wawe hodari vipi. Yeye mmoja anataka tangi mara nne ya lako, au tano."

"Na wewe uliniuzia wanne."

"Niliuza wawili, halafu wawili."

"Ukijua."

"Uliniambia una tangi. Nikadhani ni tangi kubwa." Alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi. "Ningekuuliza. Watu wakiulizwa sana wanakwenda duka jingine."

Mama Mvuke alifura. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe amewaua saba bila kujua na mmoja amemponya kwa kukaa na uvundo sebuleni, na huyo mmoja ndiye anayetakiwa kumtoa. Alimwambia kwamba hospitalini mtu angetoa kifaa bila kuuliza kinakwenda kwa mgonjwa gani, asingemaliza wiki. Mwenye duka aliyapokea yote akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza akasema, "Ni kweli."

Mwenye duka alimfahamu daktari wa meno mtaa wa tatu, mwenye tangi la lita mia tatu katika chumba cha wagonjwa cha kusubiria. Alikuwa tayari kumpokea Mgonjwa. Mama Mvuke hakumpeleka mpaka alipokwenda kulikagua. Alikaa kwenye benchi kati ya watu walioshika mashavu yao, akatoa dawa zake za matone, akapima. Njano. Samaki wawili wa dhahabu, kila mmoja kama kiatu cha mtoto, walikuja kwenye kioo kumtazama. Kabla ya kuondoka alimwomba daktari amwonyeshe mashine yake ya mvuke, akaikagua ubavuni, akamwambia mpira wa mlango umechoka.

"Unafanya kazi wapi, mama?" daktari aliuliza.

"Nimestaafu."

Jumamosi, badala ya kuosha, alimpeleka Mgonjwa kwenye mfuko ndani ya kikapu. Alipomwachia, samaki alikwenda moja kwa moja hadi ukuta wa mbali, umbali ambao hajawahi kuuogelea, akafika, akageuka kama aliyepotea. Mama Mvuke hakusubiri kuona zaidi. Kwenye daftari aliandika tarehe, saa, na neno moja: *Ametoka*. Ndilo walilokuwa wakiandika wodini kwa mgonjwa anayerudi kwao.

Nyumbani tangi lilibaki na maji, changarawe, ile sponji nyeusi na pampu inayonguruma. Mwenye duka alikuwa amemwambia kwamba ndani ya lita ishirini anaweza kufuga samaki mpiganaji mmoja, dume, asiyetaka majirani. Lakini asubiri wiki ili yeye amtafutie aliye mzima, naye Mama Mvuke alitie tangi hita ndogo ya kupashia maji. Akaongeza kwamba katika kusubiri huko, vijidudu wasipopata cha kula watakufa njaa, na kazi yote itakuwa bure.

Jioni mumewe alimkuta ameinama juu ya tangi lisilo na samaki, kopo la chakula mkononi, anadondosha chembe mbili tatu.

"Unamlisha nani?"

"Hawaonekani."

Aliangalia chembe zikizama, zikitua kwenye changarawe, ambako zingeoza na kuwa ile sumu wanayokula vijidudu. Akafunika kopo. Kisha akachukua kitambaa chake, akakilowesha, akaanza kufuta kioo, nje tu, kutoka chini kwenda juu, akasimamisha mkono kila alipofika ukingoni.